Ujasiri wa makamo si kujilipua

Kila anapotokea mtu wa miaka 46 au 50 kutangaza kwamba anaacha kazi aliyoizoea, anarudi darasani, anaacha pombe au anahama mji, hukumu mbili hutolewa kabla hajamaliza kueleza. Ya kwanza husema amechelewa: samaki hukunjwa angali mbichi, na mtu wa umri huo hana budi kutulia alipofikia. Ya pili, ambayo siku hizi inasambaa sana katika makundi ya simu na katika semina za ujasiriamali, humhimiza ajilipue, yaani akate kamba zote leo, na mambo mengine yatajipanga mbele ya safari. Katikati ya hukumu hizo wamekwama watu wengi wanaojua kabisa kwamba maisha wanayoishi hayawatoshi tena, lakini hawajui kama wanachokihisi ni busara ya umri, uchovu wa kawaida au ugonjwa, wala hawajui kama wanachokikosa ni ujasiri au ni mpango tu. Nimeona watu ninaowapenda wakiumia kwa kuifuata hukumu ya kwanza, na wengine wakiumia kwa kuifuata ya pili, na ndiyo maana nimeona fundo hili linastahili kufunguliwa taratibu.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na maneno. Mtu wa makamo ni yule ambaye ujana umempa kisogo na uzee haujapiga hodi. Hakuna sheria inayoweka mpaka, ingawa waandishi wengi wa elimu ya nafsi huhesabu tangu miaka 40 hadi 60 au 65. Kwetu sisi, hata hivyo, alama ya makamo inayotambulika zaidi kuliko mvi ni kwamba mtu anategemewa kutoka juu na kutoka chini kwa wakati mmoja: mwezi huohuo anaodaiwa ada ya mtoto wa kidato cha pili ndio anaotumiwa ujumbe kwamba dawa za presha za mama zimekwisha. Neno mabadiliko binafsi, kwa maana ninayoitumia hapa, ni mageuzi ambayo mtu anayachagua mwenyewe. Kupunguzwa kazini au kufiwa na mwenzi si mabadiliko ya aina hiyo, japo mara nyingi ndiyo yanayofungua mlango wake.

Ujasiri nao unahitaji kutenganishwa na majirani zake wawili. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliuweka katikati ya woga kwa upande mmoja na kutojali hatari kwa upande mwingine, na Kiswahili cha mitaani kimelipatia jambo hilohilo majina yake. Kujilipua ni kuingia katika hatari bila kuipima. Woga ni kuipima hatari mara 100 bila kuinuka. Ujasiri ni kuijua hofu, kuisikiliza inachosema, kisha kutenda kile ambacho bado kinaonekana ni sahihi baada ya kuisikiliza. Kuna na jirani wa tatu, ambaye kwa makamo ni hatari zaidi kwa sababu hujivika nguo za ujasiri: kuukimbia umri. Baba wa miaka 52 anayeitelekeza familia yake ili akaishi kama kijana wa miaka 25 atasema amepata ujasiri wa kuwa yeye mwenyewe, ilhali hakuna alichokibadilisha ndani yake. Amebadilisha watu wanaomzunguka ili asiuone umri wake machoni mwao.

Mfano unaonisaidia zaidi kulielewa jambo hili unatoka shambani. Baba yangu mdogo ana kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, huko Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, chenye mibuni iliyopandwa na babu. Mbuni ukizeeka haufi upesi. Unaendelea kusimama, majani yake ni mabichi, na anayepita njiani huuona ni mzima, lakini matawi yamekwenda juu na kuwa membamba, na kahawa inayotoka ni kidogo na punje zake ni ndogo. Mkulima ana njia tatu. Anaweza kuuacha hivyohivyo, akavuna kidogo mwaka hata mwaka. Anaweza kuung'oa na kupanda mche, ambao utamweka miaka 3 au 4 kabla ya kumpa mavuno ya maana. Au anaweza kuukata uwe kisiki, ili uchipue upya juu ya mizizi ileile ya zamani.

Nilimtazama akifanya hivyo mwezi wa Februari, mavuno yakiwa yamekwisha na masika hayajaanza. Alitumia msumeno badala ya panga, kwa sababu panga hupasua gome. Alikata kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, tena kwa mshazari, upande mmoja ukiwa chini ya mwingine, ili maji ya mvua yateleze yasituame juu ya kidonda na kukiozesha. Lakini kabla ya kukata alichagua shina moja dogo la pembeni lenye majani, akaliacha. Nilipomuuliza alisema hilo ni la kupumulia: litaendelea kuilisha mizizi mpaka machipukizi yapate nguvu, na hapo ndipo nalo litakapoondolewa. Machipukizi yanapotoka huwa mengi, nayo hupunguzwa mpaka yabaki mawili au matatu yenye afya, kwa kuwa yakiachwa yote hayazai hata moja vizuri. Kubwa kuliko yote, hakukikata kihamba kizima. Aliigawa mibuni mafungu matatu, akakata fungu moja kwa mwaka, ili asikose kabisa kahawa ya kupeleka chama cha msingi cha ushirika. Kisiki huanza kuzaa tena kwa maana mwaka wa pili au wa tatu, na huutangulia mche kwa sababu moja tu, kwamba mizizi iliyoko chini ni ya miaka mingi.

Naomba msomaji alitazame shina lile la kupumulia, kwa kuwa ndilo linalotofautisha ujasiri na kujilipua. Anayejilipua hukata kihamba kizima kwa siku moja, shina la kupumulia likiwemo, halafu husimama katikati ya visiki akingojea mvua. Mwenye ujasiri hukata kwelikweli, maana kisiki ni kisiki na hakuna kukirudishia matawi yake, lakini huacha kitu kinachopumua: mshahara wa nusu siku, kioski kinachoendeshwa na mwenzi, akiba ya miezi kadhaa katika kikoba, au hata rafiki mmoja anayejua anachokipitia. Na mizizi ndiyo ile ambayo wahenga waliisema kwa maneno matatu, jasiri haachi asili. Mwalimu wa miaka 48 anayeamua kuwa mfugaji wa kuku hatupi miaka yake 24 ya ualimu. Anaingia bandani akiwa anajua kuweka kumbukumbu, kusimamia watu, kusoma maelezo ya chanjo na kuyaelewa, na kuzungumza na wazazi ambao sasa ndio wateja wake. Kijana wa miaka 20 anayeanza biashara hiyohiyo ni mche. Ana muda mrefu mbele yake, lakini hana mizizi hiyo.

Sasa tulitazame lile linaloitwa mgogoro wa umri wa kati, ambalo wengi wamelisikia katika filamu na kuliogopa kana kwamba ni ugonjwa unaomngoja kila mtu akifika miaka 40. Jina hilo lilienezwa na Elliott Jaques, mtaalamu wa tiba ya nafsi mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi London, katika makala aliyoichapisha mwaka 1965. Jaques alikuwa amechunguza maisha ya wasanii mashuhuri wa Ulaya, akaona kwamba kazi za wengi wao ziligeuka au zilikatika walipokaribia miaka 40, na akapendekeza kwamba kiini chake ni mtu kutambua kwa mara ya kwanza, kwa moyo na si kwa akili tu, kwamba atakufa. Ni wazo zito na sioni sababu ya kulidharau. Hata hivyo lilitokana na maisha ya wasanii, nalo limebebeshwa watu wote. Uchunguzi mkubwa wa watu wa makamo ulioanza Marekani mwaka 1995 ulionyesha kwamba wanaosema wamepitia mgogoro wa namna hiyo ni wachache kuliko wasioupitia, na wengi kati ya hao wachache walikuwa wakizungumzia tukio fulani, kama talaka, kifo au kupoteza kazi, wala si umri wenyewe. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 asiyehisi tufani yoyote hana kasoro, na anayeihisi haimlazimu kuamini kwamba ni umri unaomsumbua.

Kuna mahali pawili ambapo ujasiri si dawa, na ni lazima patajwe. Huzuni isiyoondoka kwa zaidi ya majuma mawili, pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula au ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, na kujiona huna thamani, inaweza kuwa sonona, na mwenye sonona hatakiwi kuamua kuuza nyumba au kuivunja ndoa kabla hajaonana na mtabibu. Vilevile wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na miaka inayotangulia huweza kuja na joto la ghafla, usingizi wa kukatikakatika na hasira zisizo na chanzo kinachoonekana. Nyumba nyingi zimegombana bure kwa kuyachukua mabadiliko ya mwili kuwa mabadiliko ya tabia au ya mapenzi. Mazungumzo ya nusu saa na muuguzi anayeijua kazi yake yanaweza kuokoa mengi.

Turudi kwa samaki. Methali ile inasema kweli kuhusu malezi, kwamba mtoto hufundishika kwa wepesi kuliko mtu mzima. Kosa ni kuigeuza kuwa hukumu ya maisha. Watafiti wa London waliwafuatilia watu wazima waliokuwa wakijifunza udereva wa teksi za jiji hilo, kazi inayomdai mtu akariri maelfu ya mitaa kwa miaka 3 au 4, wakawapiga picha za ubongo kabla na baada ya mafunzo. Mwaka 2011 walitoa matokeo: waliofaulu, sehemu ya nyuma ya kiungo cha ubongo kinachohusika na kumbukumbu za mahali ilikuwa imeongezeka, na kwa wasiofaulu haikuongezeka. Ubongo wa mtu mzima, kwa maneno mengine, hukunjika kwa kazi. Hukunjika polepole, na hilo hatulikatai. Kasi ya kushika jambo jipya hupungua kadiri miaka inavyokwenda, lakini hazina ya maneno na ya maarifa huendelea kukua muda mrefu baada ya ujana, na ndiyo maana mwanafunzi wa miaka 50 huchelewa kukariri kanuni ya hesabu na kuwatangulia vijana kuelewa fumbo la maneno linalohusu mkopo na riba.

Kuhusu mwili ushahidi ni mkali zaidi. Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa kiume zaidi ya 34,000 wa Uingereza tangu mwaka 1951, na mwaka 2004 wakachapisha hesabu ya miaka 50. Aliyeacha sigara akiwa na miaka 60 aliongeza wastani wa miaka 3 ya kuishi ikilinganishwa na aliyeendelea kuvuta. Aliyeacha akiwa na miaka 50 aliongeza 6. Na aliyeacha akiwa na miaka 40 aliongeza 9. Ukizisoma namba hizo kwa makini utaona kwamba zinajibu hukumu ya kwanza bila kuhitaji hotuba. Kuchelewa kuna gharama, hilo ni kweli, lakini hakuna siku ambayo malipo yanafika sifuri.

Watu wengi pia wameambiwa kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21, na wanapofika siku ya 22 na bado mkono unatafuta pakiti, wanajiona dhaifu wakakata tamaa. Hesabu hiyo ilitokana na maoni ya daktari mmoja wa upasuaji wa sura wa Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1960, kuhusu muda ambao wagonjwa wake walichukua kuuzoea uso mpya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, University College, walipowapima watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, walikuta wastani wa siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Tumeliona hili wenyewe kila mwaka: kuna wavutaji wanaokaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi kwa mwezi mzima wa Ramadhani, jambo linaloonyesha kwamba uwezo wanao, kisha Idi pili wakarudi palepale kijiweni. Kilichokuwa kimewabeba ni mwezi wenyewe, na nyumba nzima kuwa katika hali moja. Mwezi ulipokwisha, kijiwe kilikuwa bado kipo.

Hapo tumefika kwenye hofu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba watu wa makamo huogopa umaskini. Nimewasikiliza vya kutosha sasa na nimebadili mawazo. Hofu ya kukosa chakula ipo na ni ya heshima, lakini ni hofu inayohesabika: unaweza kukaa chini na kalamu ukajua miezi mingapi utaweza kulipa kodi. Hofu inayowafunga wengi ni ya aibu. Watu watasemaje? Mwenyekiti wa kamati za harusi ataonekanaje akikaa benchi moja na watoto wa shule? Mama mchungaji atasema nini kanisani baada ya kukiri kwamba alikuwa anakunywa? Namfahamu mama wa miaka 47 mwenye genge la mboga, aliyejiandikisha masomo ya jioni ili aufanye mtihani wa maarifa, ule unaomwezesha mtu asiyepitia sekondari kwa mfumo wa kawaida kujiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne. Hakuwa na tatizo la ada, kwa sababu alikuwa ameiweka kidogokidogo kwa mwaka mzima. Tatizo lilikuwa daftari. Alilifunika kwa gazeti, akalitia katika mfuko wa plastiki, akaliweka chini kabisa ya tenga, chini ya mchicha, na mteja alipokuja akitaka fungu la chini ambalo halijanyauka, mkono wake ulikuwa unatetemeka. Alinieleza hayo akiwa ameinamia kopo la maji ya kunyunyizia mboga, na alisema kwa sauti ndogo kuwa kujifungua watoto wanne hakukumtia hofu kama daftari lile.

Sioni sababu ya kumwambia mtu kama huyo asiijali jamii, kwa kuwa jamii ndiyo itakayomzika. Kinachosaidia ni kuitenganisha hofu moja na nyingine. Jiulize: jambo hili likishindikana, ni nini hasa kitakachopotea? Ukijibu kwamba ni ada ya mtoto, ni nyumba au ni afya ya mtu, hiyo ni hofu inayolinda, na inadai mpango kabla ya hatua. Ukijibu kwamba ni namna nitakavyotazamwa, hiyo ni hofu inayolinda mazoea, na haina mpango unaoitosheleza, kwa sababu hata ukingoja miaka 10 itakuwa palepale. Dawa yake ni kuonekana na watu wachache kwanza. Mama wa genge alianza kwa binti yake wa kidato cha pili, akamwomba amfundishe kutafuta thamani ya x. Binti hakucheka. Aliona fahari, akawa anakagua daftari la mama yake kila Jumamosi kwa kalamu nyekundu.

Historia yetu ina watu waliobeba aibu hiyo mbele ya macho ya wote. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Fumba huko Unguja mnamo mwaka 1880, alikuwa akiuza vyungu, na alihamia mjini mwaka 1911 akiwa na umri wa miaka 31 hivi. Alidhihakiwa kwa asili yake ya shamba. Mwaka 1928, akikaribia miaka 50, alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilirekodiwa na kuuzwa.

Kisa cha Wangari Maathai ninakitaja kwa sababu tofauti, kwani kinaonyesha bei. Alikuwa ameanza miaka yake ya arobaini, ni mwalimu wa ngazi ya juu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alipojiuzulu mwaka 1982 ili agombee ubunge. Jina lake likaondolewa kwa madai kwamba hakuwa amejiandikisha upya kupiga kura, chuo hakikumrudisha kazini, na akatakiwa kuihama nyumba ya chuo. Anayesimulia kisa hiki kwa kukimbilia Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004 anaruka miaka 22 iliyo katikati, na miaka hiyo haikuwa ya makofi. Lakini tazama pia kile alichokuwa amekianzisha tangu mwaka 1977, miaka 5 kabla ya kuacha kazi: vikundi vya wanawake wa vijijini vya kuotesha na kupanda miti, vilivyokuja kuwa harakati ya Green Belt. Kazi hiyo haikuwa na utajiri wowote siku ile aliyofungasha vitu vyake. Ilimpa mahali pa kuamkia kesho yake asubuhi. Hilo ndilo shina la kupumulia.

Yapo mambo ambayo ujasiri unapaswa kuyahesabu kwa namba, na Tanzania namba mojawapo ni 180. Ili mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii astahili pensheni ya kila mwezi, anahitaji kuwa amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Nimekutana na watu walioacha kazi wakiwa na miezi 160 na kitu bila kujua kwamba walikuwa wamebakiza chini ya miaka 2. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuizima ndoto yake. Anahitaji kwenda kwenye ofisi ya mfuko wake, kuomba taarifa ya michango, na kuuliza ataendeleaje kuchangia akiwa amejiajiri, kwa kuwa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, hupokea michango ya waliojiajiri. Namba hiyohiyo, ukiigeuza, ni habari njema: umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi ni miaka 60 kwa watu wengi, na kwa hiari ni 55, kwa hiyo mwenye miaka 44 ambaye hajawahi kuchangia hata senti moja bado anaweza kuifikisha miezi 180 kabla ya kutimiza 60, akianza mwezi huu. Wale wanaosema fainali uzeeni wangefanya vema kuongeza kwamba fainali hiyo ina kipindi cha pili, na kinaanzia hapa.

Wapo pia wanaokata tamaa kwa kuutazama wastani wa umri wa kuishi, ambao kwa Tanzania uko katika miaka ya sitini, wakahesabu kwamba mtu wa miaka 48 amebakiza kidogo sana. Wastani huo hushushwa na vifo vya watoto wachanga na vya vijana. Aliyekwisha kuvuka hatari hizo na kufika miaka 48 hutarajiwa kuupita, na si ajabu akawa na miaka 25 au zaidi mbele yake, ambayo ni mirefu kuliko muda wote aliofanya kazi ile anayoogopa kuiacha.

Mwenye miaka 20 hubadilika peke yake, ilhali mwenye miaka 48 hubadilika na nyumba. Mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba, na kuyumba huko huanza siku wanapohisi kwamba kuna jambo linalofichwa. Ninaamini kwamba tendo gumu kuliko yote katika mabadiliko ya makamo ni kikao cha kwanza cha nyumbani, na nimeona wanaume waliothubutu kuuza shamba wakishindwa kumwambia mke kwa nini wameliuza. Kikao hicho hakihitaji hotuba. Kinahitaji kusema unachotaka kubadilisha, kwa muda gani utajaribu, kiasi gani cha fedha kitaguswa na kipi hakitaguswa kamwe, kisha kunyamaza na kuwasikiliza wengine hofu zao. Mara nyingi mwenzi huwa ameshaona dalili mwaka mzima uliopita, na anachokiogopa si mabadiliko yenyewe, ni kuachwa nyuma. Kuna hali moja isiyofuata utaratibu huu: mtu anayeishi na mwenzi anayempiga hatakiwi kuitisha kikao wala kutangaza mpango wa kuondoka. Yeye anatakiwa kuondoka kwa usalama, akisaidiwa na ndugu anayemwamini, ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi.

Na je, ikishindikana? Swali hili huulizwa kwa sauti ya kumaliza mjadala, na linastahili jibu la kweli. Mengine hushindikana. Katika fungu la kwanza alilolikata baba mdogo, visiki saba havikuchipua. Tulikwenda kuvitazama mwezi wa Juni, tukakwangua gome kwa ukucha, na chini yake palikuwa pakavu, pa kahawia. Hakusema mengi. Alitembea kutoka kisiki kimoja hadi kingine, akavihesabu tena kana kwamba huenda alikosea, kisha akaagiza jembe. Mwezi uliofuata aliving'oa, akapanda migomba katika mashimo yaleyale, na ndizi za migomba hiyo ndizo tulizopika mwaka jana kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Fungu la pili alilikata kama alivyopanga, isipokuwa safari hii aliacha mashina mawili ya kupumulia badala ya moja.